Kiraka Kilichokataliwa: Haki, Tumaini na Wajibu

Makala haya yananuia kuchunguza swali moja la kimaadili: mtu aliyeshona kiraka cha programu, kikakataliwa na wenye programu, ana wajibu gani wa kuendelea kukitunza? Huenda swali likaonekana geni kwa wahakiki wa fasihi. Hata hivyo, kiraka ni marekebisho ya matini ya mwingine, na matini yenyewe ingali inaandikwa.

Haki ya kukitunza haina utata. Leseni ya Linux humruhusu yeyote kuibadilisha programu hiyo na kuisambaza. Lakini haki si wajibu. Aidha, kukataliwa si hukumu juu ya ubora pekee. Anayepokea kiraka hujitwika mzigo wa kukilea hata mshonaji atakapotoweka. Kwa hiyo kazi nzuri yaweza kukataliwa pasipo dharau.

Tuuchukue mfano wa Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia. Mwaka 2007, utaratibu aliobuni wa kugawa muda wa kichakata baina ya kazi za kompyuta uliachwa, ukachukuliwa ule wa Ingo Molnar. Kolivas akajitoa. Mwaka 2009 alirejea na kiraka kipya, BFS, akitamka kwamba hakukusudia kiingizwe katika Linux. Mwaka 2016 alikiandika upya kwa jina la MuQSS, na mwaka 2021 akakoma. Kwa upande mwingine, viraka vya PREEMPT_RT, vinavyoiwezesha Linux kuitikia ndani ya muda maalumu, vilitunzwa nje kwa takriban miaka 20, vikipokelewa kidogo kidogo, hadi kazi hiyo ilipokamilishwa katika toleo la 6.12 mwaka 2024.

Je, tuseme hawa walikuwa sahihi na yule alikosea? La. Kupokelewa hujulikana baadaye, ilhali uamuzi hufanywa kabla. Kigezo kifaacho zaidi ni hiki: je, mshonaji angekitunza kiraka hata kama angejua hakitapokelewa kamwe? Akijibu la, anachokitunza ni tumaini au kinyongo, na vyote viwili vina ukomo. Akijibu ndiyo, yamkini wapo waliokwisha kukiegemea, na hapo ndipo wajibu unapoanza.

Wajibu huo una mpaka. Kila toleo jipya, ambalo kwa kawaida hutoka baada ya wiki 9 au 10, laweza kuihamisha mistari iliyoshonewa kiraka. Kisiposhonwa upya, huraruka. Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Lakini maji haya hayaishi kutiririka, na hakuna awezaye kuyaoga milele. Anachodaiwa mtunzaji si kudumu daima, bali kutowaacha waliomtegemea gizani: atangaze mapema, na aache kazi yake wazi, pamoja na maelezo, ili mwingine aweze kuiendeleza. Anayeondoka kimya kwa uchungu wa kukataliwa huwadhulumu watu ambao hawakumkataa.