Haki ya Mlipa Kodi na Haki ya Mgonjwa

Kila mwaka, ifikapo tarehe 30 Juni, Mkenya aliyeandikishwa kuwa mlipa kodi hana budi awe amekwisha kutoa hesabu ya mapato yake ya mwaka uliopita mbele ya Mamlaka ya Ushuru. Siku zile za mwisho swali moja huulizwa katika nyumba nyingi: Je, fedha tulizotumia kwa ugonjwa, twaweza kudai zipunguzwe katika kodi? Wengine huuliza kwa haya, kana kwamba kudai ni tamaa. Wengine hawaulizi kabisa, huandika wapendavyo. Sisi twaona kwamba swali hili si la makarani wa hesabu peke yao. Ni swali la dhamiri.

Kwanza yafaa tujue sheria yasemaje. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii. Tangu tarehe 27 Desemba mwaka huohuo, fedha hizo huondolewa katika mapato yake kabla kodi haijahesabiwa. Tena, mtu anayelipia bima nyingine ya afya hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Lakini gharama ya ugonjwa wenyewe, yaani dawa, kitanda na upasuaji, ukiilipa kwa fedha za mfukoni mwako, haikupunguzii kodi hata senti moja.

Basi, kudai kile ambacho sheria imetoa si dhambi wala si aibu. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Warumi kumlipa kodi anayestahili kodi, na Katekisimu ya mwaka 1992 huhesabu kukwepa kodi miongoni mwa makosa juu ya amri ya saba. Lakini haki ileile inayotufunga kulipa tunachodaiwa haitufungi kulipa tusichodaiwa. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu matibabu kuwa mojawapo ya haki za binadamu. Baba mwenye nyumba anayeacha nafuu yake kwa uvivu, au kwa kuwa amepoteza stakabadhi, huacha fedha ya watoto wake. Ajifunze kutunza karatasi zake.

Lakini hapa pana jambo gumu. Sheria hutoa nafuu ya bima kwa maisha ya mlipa kodi mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa na watoto wake. Mama yake mzazi hayumo. Bibi kizee aliyemlea, akauza kuku na maharagwe ili asome, leo anaumwa sukari na shinikizo la damu. Mwanawe humlipia kila mwezi, naye hutimiza amri ya nne ya Mungu. Sheria ya kodi haina nafasi ya kumwandika. Vivyo hivyo mtoto wa ndugu aliyefariki, anayekula mezani pamoja na wengine na kuitwa mwana kama wao. Jamaa ihesabiwayo katika karatasi ya kodi ni ndogo kuliko jamaa tuliyopewa na Mungu.

Ndipo mjaribu anapokuja na maneno matamu. Hukuambia: “Huibi kitu, wasahihisha tu kosa la sheria. Mwandike mpwa wako kuwa mwanao. Tafuta stakabadhi ya mwingine. Serikali yenyewe yapoteza mamilioni, itasikia wapi upungufu wa elfu chache?” Twakiri kwamba maneno haya yana nguvu, hasa kwa mtu aliyechoka, ambaye ameona fedha za umma zikiliwa na wakubwa. Hata hivyo ni uongo. Kodi si mali ya afisa aliye ofisini. Ndiyo inayonunua dawa ya zahanati, na anayekwenda zahanati ni yule asiyeweza kwenda kwingine. Wizi wa mkubwa haufuti wizi wa mdogo. Wote wawili hunyang'anya mkono uleule wa maskini. Na mtoto anayemwona baba akiandika uongo kwa ajili ya bibi atajifunza uongo, wala hatajifunza kumpenda bibi.

Lakini tusidhani kwamba aliyeandika kweli amekwisha kuwa mwenye haki. Tutazame hesabu kwa viwango vya mwaka 2025. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi alikatwa shilingi 16,500 za bima ya jamii, na punguzo lile likamwondolea kodi ya shilingi 5,362 na senti 50. Mwalimu wa shilingi 50,000 alikatwa 1,375, akaondolewa kodi ya shilingi 412 na senti 50. Mlinzi wa usiku wa shilingi 24,000 alikatwa 660, wala hakupata nafuu yoyote, kwa kuwa mshahara wake haukufikia kutozwa kodi. Mama anayeuza mboga sokoni naye hudaiwa bima, lakini hana kodi ya kupunguziwa. Kwa hiyo nafuu hii humwendea zaidi aliye nacho zaidi. Hakuna aliyeiba, na karatasi zote ni safi. Hata hivyo mizani imelala upande mmoja.

Tufanye nini? Jambo la kwanza ni kusema. Kila mwaka Muswada wa Fedha hupelekwa Bungeni, na Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Wakristu wenye elimu ya sheria na hesabu wapeleke maoni yao, waombe kwamba mzazi mgonjwa ahesabiwe, na kwamba mwenye kidogo akumbukwe kwanza. Hiyo ndiyo njia ya kusahihisha sheria, wala siyo kalamu ya uongo usiku wa tarehe 29 Juni.

Jambo la pili halingoji Bunge. Yule Msamaria wa Injili alilipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Hakuuliza kama majeruhi ni wa jamaa yake, wala hakutumaini kurudishiwa. Mkristu aliyeondolewa shilingi mia nne za kodi kwa ajili ya bima yake, na ajue kwamba mlinzi wa lango lake hakuondolewa kitu. Jumuiya inapochanga kwa ajili ya mgonjwa, asiseme, “Nimekwisha kukatwa katika mshahara.” Makato ni haki ya serikali, mchango ni deni la mapendo, na deni hilo halina tarehe ya mwisho.

Tuandike kweli, tudai kilicho chetu, kisha tufungue mkono. Zakayo, mtoza ushuru, hakupata wokovu kwa hesabu safi peke yake. Alisimama, akawagawia maskini.