Tumpe Mkono?

Dada akirudi Matemwe kutoka Chuo cha Mafunzo, kama gereza linavyoitwa Zanzibar, akiwa na upele, tumpe mkono? Yesu alimgusa mwenye ukoma (Marko 1:41), lakini tusijifanye hatujui kwamba upele huambukiza. Huambukiza hasa kwa kulala mmebanana, jambo ambalo mfungwa halichagui. Kwa salamu fupi ya mkono ni nadra. Mwasho huweza kuchelewa hadi wiki 6. Ndiyo maana, gerezani au nyumbani, wanaolala pamoja hupakwa dawa siku moja, hata asiyejikuna; akipakwa mmoja tu, upele humrudia. Kwetu ugumu uko hapo: si kumgusa mgonjwa, bali kuwapata mume na wakwe wasiowashwa wakubali kupakwa pamoja naye usiku ule ule.