Usipulizie Manukato, Tafuta Panapovuja

Ujumbe wa Jumapili kwa ufupi
Andiko la kusoma nyumbani: Yoshua 7:1–26, Hosea 2:15



Mnalijua gari letu la kanisa, lile jeupe linalobeba spika tukienda mikutano, na linalokimbiza wagonjwa hospitalini Wote mtu akizidiwa usiku. Kwa karibu miezi miwili gari hilo lilikuwa linanuka petroli. Si sana. Unaingia, unasikia harufu, unafungua dirisha, safari inaendelea. Mimi nikanunua kile kimanukato cha kuning'iniza mbele ya kioo. Sasa likawa linanuka petroli na ndimu pamoja.

Jumapili moja baada ya ibada, susu mmoja alifungua mlango wa nyuma tumpeleke nyumbani na mjukuu wake. Akasimama pale pale. Akaniambia, "Pasta, mwanangu, hii gari inanuka mafuta. Mimi na huyu mtoto tutaenda na miguu." Nikamjibu, "Susu, ni kaharufu kadogo tu, sisi tumekazoea." Akaniangalia. "Ndiyo hivyo. Nyinyi mmezoea." Akamfunga mtoto mgongoni akashika njia, na jua lilikuwa la saa saba.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba wiki iliyotangulia tulitoka kwenye ushirika wa nyumbani tukapakia jiko nyuma ya gari. Mtu alisema limezima. Tulipofika nikalishika, lilikuwa bado na joto. Na kiti cha nyuma kilikuwa na watoto wanne.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unakaa chini, unajaa pale miguuni, na cheche moja tu inatosha. Sisi Wakenya hatuhitaji kuhubiriwa hilo. Tunaikumbuka Sachang'wan, Januari 2009. Tunaikumbuka Sinai kule Nairobi, Septemba 2011. Katika kila moja ya mikasa hiyo watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto wa petroli iliyomwagika.

Basi jambo la kwanza: harufu ni rehema. Petroli ingekuwa haina harufu, tungekufa bila onyo. Na Roho Mtakatifu akikusumbua moyoni kuhusu jambo fulani, usimwombe anyamaze. Ogopa siku utakayozoea. Pua ikikaa na harufu muda mrefu inaacha kuisikia, lakini petroli bado ipo. Ndiyo maana Mungu anatuma susu afungue mlango kutoka nje.

Sasa niwaambie sehemu yangu, na hii si rahisi kuandika.

Wengi mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na ndiyo sababu wazee walinipa daftari la mafuta ya gari. Niliona hesabu hazilingani. Tulikuwa tunajaza tangi, lakini kilomita hazifiki zile za zamani. Kila mara lita kadhaa hazina maelezo. Mimi na digrii yangu nikapiga hesabu haraka: mafuta yanapotea, anayeshika ufunguo ni mmoja, kwa hivyo mwizi ni huyo. Sikumuuliza ndugu yetu dereva hata swali moja. Nilichukua ufunguo nikamwambia "apumzike kidogo". Kisha nikawanong'oneza wazee wawili yale niliyokuwa nafikiri. Kijana anayeendesha bila mshahara, anayeamka saa nane usiku kumpeleka mama hospitali, nikamfanya mwizi kwa kalamu.

Jumatatu nilipeleka gari kwa fundi hapa Kathonzweni. Nilimwambia kwamba fundi mwingine alishaliangalia, akaona unyevu chini ya tangi, akapaka sabuni ya kipande. Ilishika siku tatu. Huyu akacheka kidogo akasema, "Pasta, mahali mafuta yanapodondokea si mahali yanapotokea. Yanafuata chuma, yanateremka, yanaanguka mbali. Yule alipaka sabuni kwenye machozi, jicho hakuliona."

Kabla ya kushika spana aliniuliza: linanuka wakati gani? Asubuhi likiwaka? Likiwa mwendoni? Likiegeshwa juani? Baada ya kujaza? Sikujua. Miezi miwili, na sikujua. Tukauliza walioliendesha, ikaonekana harufu inazidi siku ile tangi limejazwa, kisha inapungua lenyewe.

Akamwondoa kijana mmoja aliyekuwa na sigara. Akatumia tochi, hakuna kiberiti hapo. Akaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Ndani ya gari: hakuna mtungi uliomwagika, zulia ni kavu. Mfuniko wa tangi: raba yake ni nzima. Mbele kwenye injini, ikiunguruma: paipu zote kavu. Akainua kiti cha nyuma, akaangalia kifuniko cha pampu: kikavu. Ndipo akalala chini, akatoa tairi la nyuma, akafika kwenye paipu ya raba inayotoka mdomo wa kujazia hadi kwenye tangi. Kwa mbele inaonekana nzuri kabisa. Akaikunja kwa mkono. Kwa nyuma, chini ya klipu, ilikuwa imepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Umri na joto viliimaliza. Kila tukijaza tangi mpaka juu, petroli inafika kwenye ule ufa, na kwa hizi barabara zetu za mashimo inarukaruka na kutoka. Ikishuka chini ya ufa, harufu inapoa, na sisi tunasema, "Afadhali leo."

Zile lita zangu zilikuwa pale. Hakuna aliyeiba.

Wapendwa, someni Yoshua 7 polepole. Israeli wametoka kuiangusha Yeriko, wanaenda Ai, mji mdogo tu, wanapigwa, na watu kama 36 wanakufa. Yoshua anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku mpaka jioni. Na Mungu anamwambia ainuke. Kuna kitu kimefichwa, kitafutwe. Maombi ni mazuri, lakini kuna wakati maombi yanageuka kuwa kile kimanukato changu cha ndimu.

Angalieni pia jinsi walivyotafuta. Yoshua hakunyoosha kidole kwa yule asiyempenda. Kabila kwa kabila, ikatwaliwa Yuda. Ukoo kwa ukoo, ukatwaliwa wa Zera. Nyumba kwa nyumba, ikatwaliwa ya Zabdi. Kisha mtu kwa mtu, mpaka Akani, mpaka hemani mwake, mpaka chini ya udongo penye vazi, fedha na dhahabu. Hatua kwa hatua, mbele za Mungu. Na walipompata, Yoshua alianza kwa kumwita mwanangu.

Mimi niliruka hatua zote. Nilianza na mtu, na sikumwita ndugu.

Nyumbani mwako kuna kitu kinanuka? Pesa ya mboga haitoshi na unamshuku mke, au msichana wa kazi? Chama cha akina mama kinagawanyika na kila mtu ana jina mdomoni? Kwanza uliza: inanuka wakati gani? Ilianza lini? Halafu anzia karibu, ndani ya gari lako mwenyewe, kabla ya kulala chini ya gari la jirani. Na usipake sabuni mahali panapodondoka. Hasira ya mtoto inaweza kuwa tone tu, ufa uko kwa baba.

Ukiupata ufa, tengeneza sawasawa. Nilitaka kuokoa pesa nikamwambia fundi akate kipande cha paipu ya maji. Akakataa: petroli inaila raba ya kawaida, baada ya muda mfupi tutarudi hapo. Tukanunua paipu ya mafuta na klipu mbili mpya. Toba ya bei rahisi ni ile paipu ya maji.

Kwa hivyo nililipa bei. Nilienda nyumbani kwa ndugu yetu, nikamwambia nilichofikiri na nilichosema. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Pasta, nilijua. Nilikuwa namngojea Bwana." Nikarudi kwa wale wazee wawili nikafuta maneno yangu. Na kwa ruhusa yake naandika hapa, kwa sababu maneno hayabaki kwa watu wawili: ndugu yetu hana hatia. Aliyevuja ni mimi. Ufunguo ameushika tena.

Kisa cha Akani kiliishia kwa mawe katika bonde la Akori, bonde la taabu. Lakini miaka mingi baadaye, kupitia Hosea, Mungu aliahidi kuligeuza bonde hilo hilo kuwa mlango wa tumaini. Adhabu yetu aliibeba Yesu. Kwa hivyo ukipatikana, usikimbie. Hapo ulipopatikana ndipo mlango ulipo.

Gari limekaa wiki tatu, tangi likijazwa, halinuki. Lakini pua yangu siiamini tena. Jumapili iliyopita nilimwomba susu aje anuse yeye. Alifungua mlango, akainama, akanusa chini na juu. Kisha akampandisha mjukuu wake, akaketi, akaniambia, "Haya, twende. Na hiyo ndimu yako uitoe."

Tuombe: Bwana, tuchunguze, na utupe moyo wa kukubali utakachokipata. Kwa jina la Yesu. Amina.