Nani Analipia Amani Hii?

Maandiko ya kusoma: Luka 12:13–15, 1 Wakorintho 6:1–8, Mathayo 18:15–17



Jumapili iliyopita mhubiri alipofika pale Paulo anapowakemea Wakorintho kwa kupelekana kortini, kanisa lote liliitikia "Amina!" Mimi nilinyamaza. Si kwamba nalipinga Neno. Nilinyamaza kwa sababu jambo hili nimelikosea mara mbili, tena kwa njia mbili tofauti, na nimeona niwaeleze.

Kosa la kwanza. Baba yetu alilala katika Bwana mwaka wa 2011. Mama alikuwa amemtangulia. Aliacha shamba la ekari nne, na mdogo wangu alikuwa tayari amejenga upande wa barabarani, pale mtu anaweza kuweka duka. Mimi ndiye kifungua mimba. Niliona amenidharau. Sikuketi naye hata siku moja tukaongea. Nilishika matatu, moja kwa moja hadi kwa wakili.

Wapendwa, ile kesi ilikula miaka minane. Leo faili haionekani, kesho jaji yuko likizo, siku nyingine wakili wa upande ule anaomba muda. Niliuza ng'ombe wawili, kisha nikakata mikaratusi yote ya mpakani nikauza pia. Siku ya harusi ya binti yangu, baba yake mdogo alisimama ng'ambo ya ua akitazama, hakuingia. Na mimi nilikuwa naimba kwaya kila Jumapili.

Ndipo jaji akaielekeza kesi yetu kwa mpatanishi. Mimi nilidhani ni njia ya kutufukuza. Kumbe ni jambo lililo ndani ya sheria. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zihimize maridhiano, upatanishi na njia za jadi za kumaliza mizozo. Tangu 2016 Mahakama imekuwa ikipeleka baadhi ya kesi kwa wapatanishi, na upatanishi huo umewekewa siku 60. Mpatanishi hahukumu. Mnaongea nyinyi wenyewe, na mliyoyasema humo hayageuzwi kuwa ushahidi dhidi yenu baadaye. Mkikubaliana mnatia sahihi, mahakama inayapitisha, na yanakuwa na nguvu kama amri yake.

Mama yule mpatanishi aliniuliza swali moja tu: "Mzee, ukipewa hiyo sehemu ya barabarani, utaifanyia nini?" Sikuwa na jibu. Sikutaka duka. Nilichotaka ni mdogo wangu aje aniombe ruhusa kama kaka yake. Miaka minane, ng'ombe wawili, kwa sababu ya hilo! Yule mtu aliyemwendea Yesu akitaka agawiwe urithi alidhani shida yake ni shamba. Bwana alimgeuzia mazungumzo akamwonya kuhusu tamaa. Mimi pia niligeuziwa.

Kisha akatuuliza sote wawili: "Na watoto wa marehemu ni wangapi?" Tukatazamana. Dada yetu aliyeolewa jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kesi, lakini sheria inayomhesabu sawa na sisi tulikuwa tumeipita kama jiwe la njiani. Tulimaliza kwa vikao vitatu. Mdogo wangu alibaki na ekari moja ya barabarani, dada akapata moja, mimi nikachukua mbili za kule chini mtoni, ambazo nusu yake ni kinamasi. Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule.

Sasa kosa la pili, na hili ndilo linalonitoa machozi.

Baada ya kuionja amani nikawa mhubiri wa amani. Nikawekwa katika kamati ya wazee. Akaja mjane mmoja: mashemeji wamefunga lango la ploti aliyoinunua pamoja na marehemu mume wake. Risiti anazo. Mmoja wa hao mashemeji alikuwa mtoaji mzuri sana katika harambee. Tulimwambia, "Mama, mwachie Mungu. Usiipeleke familia kortini, utaaibisha wokovu." Akatii. Ploti ikauzwa. Leo anakodisha chumba kimoja na watoto watatu, na kanisani haji tena.

Mashemeji hatukuwaita hata siku moja. Kile hakikuwa kikao cha upatanisho, maana upande mmoja tu ndio uliokaa.

Nimejiuliza: mimi nilisamehe shamba nikabarikiwa, mbona yeye alisamehe akaangamia? Jibu nimelipata kwa kuuliza nani analipia amani hii. Kilicho changu naweza kukiachilia, na hiyo ni sadaka. Kilicho cha mwingine sina mamlaka ya kukiachilia kwa niaba yake. Abrahamu alimwachia Lutu achague kwanza, lakini Abrahamu ndiye alikuwa mkubwa, na aliyetoa ni yeye. Sisi tulimwambia mnyonge atoe, mwenye nguvu akae navyo.

Tena tumsome Paulo vizuri. Hakukataza korti tu. Aliuliza kama kweli hakuna hata mmoja mwenye hekima kati yao wa kuamua baina ya ndugu. Maana yake kanisa likisema "usiende kwa hakimu", limechukua mzigo wa kusikiliza kesi yenyewe, pande zote mbili, bila kumpendelea mtoaji. Kama hatuko tayari kufanya hivyo, basi tusimfungie mtu mlango wa mahakama. Paulo huyohuyo, alipoona anaonewa, alikata rufani kwa Kaisari.

Kwa hivyo nashauri hivi. Ukikosewa, anza na ndugu yako faraghani, kisha chukua mashahidi, kisha kanisa, kama Bwana alivyofundisha. Mkielewana, andikeni, tieni sahihi, na la ardhi lifikisheni hadi kwenye hatimiliki, maana maneno husahaulika. Wekeni siku ya mwisho ya mazungumzo. Sheria ina saa yake: madai ya ardhi kwa kawaida ni miaka 12, ya mkataba ni 6, na kuna watu huvuta mazungumzo makusudi hadi saa ipite. Na ubakaji, kuchafuliwa kwa mtoto, mke kupigwa, hayo si ya kamati ya wazee kuyafunika. Yapelekwe polisi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Ni kweli. Lakini hakikisha wamepatana, si kwamba mmoja amenyamazishwa.

Juma lililopita nilienda kwa yule mama kumwomba msamaha. Alinisikiliza akiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu. Nilimwambia wazee wawili wamekubali twende naye kwa wakili, na mashemeji wameitwa mbele ya kamati. Akasema atafikiria.

Tumwombee. Na ninyi mliomo katika kamati, niombeeni na mimi.