Tuwaulize mabinti kabla ya kupokea mahari

Ndugu Waislamu, Bi Kidude (Fatuma binti Baraka), aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimwona katika filamu ya mwaka 2006 iliyohusu maisha yake. Alisimulia kuwa akiwa msichana mdogo aliikimbia Zanzibar kwa sababu ya ndoa ya kulazimishwa.

Wengi husema muziki ndio uliompoteza. Mimi nauliza: nani aliyemkimbiza nyumbani?

Imepokewa na Bukhari kuwa Khansaa binti Khidam (r.a.), mwanamke aliyewahi kuolewa, aliozwa na baba yake bila ridhaa. Alimwendea Mtume (s.a.w.), naye akaibatilisha ndoa ile. Khansaa hakulazimika kukimbia mji. Alikuwa na pa kushitakia. Bikira naye huombwa idhini. Kimya chake ni idhini, kilio siyo.

Hapa Old Korogwe binti mmoja alinijia akilia: posa imepokelewa, hajaulizwa. Nikamfuata baba yake baada ya Ijumaa.

"Ustadhi, mimi ndiye walii," akasema.

"Ni kweli mzee, lakini uwalii ni amana, si umiliki."

Hajanijibu hadi leo. Tumche Allah (s.w.t.), tuwaulize mabinti zetu kabla hatujapokea mahari.