Nani Kashika Maiki?

Mtu anapocheza nafasi ya mtu mwingine, mwanamume akamcheza mwanamke, Mzungu akamtilia sauti Mwafrika, je, ameazima au ameiba? Mitandaoni watu hulijibu swali hili kwa neno moja, halafu wanaanza kutukanana. Mimi nikiwa hapa Morogoro naona neno moja halitoshi.

Tumchukue Simba. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ilijaa majina ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Lakini Simba aliyekua mkubwa alitiliwa sauti na Matthew Broderick, Mmarekani mweupe, wakati baba yake, Mufasa, alitiliwa sauti na James Earl Jones, Mmarekani mweusi. Hadithi ilipopelekwa jukwaani New York mwaka 1997 ikiwa tamthilia ya muziki, mwongozaji Julie Taymor alimgeuza Rafiki kuwa mwanamke, kwa kuwa aliona hadithi imepungukiwa mwanamke mwenye uzito. Tsidii Le Loka ndiye aliyemcheza.

Kwetu badiliko hilo halikuhitaji kugusa hata herufi moja. Rafiki ni rafiki, na "yeye" ni yeye, awe wa kike au wa kiume. Mtu anaweza kujisifu hapo kwamba Kiswahili kilishayamaliza haya zamani. Haraka ya nini? Ngoja kwanza twende kwenye kibanda umiza.

Huko ndiko wengi wetu tulikoonea filamu za nje, zikisimuliwa na watu kama Derek Mukandala, yule tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Sauti moja ya kiume ilimsemea Mzungu, Mhindi, Mchina, mama mkwe na mtoto mchanga. Sijasikia mtu akitoka kibandani analalamika kwamba Mzungu kaibiwa sauti, na nadhani sababu ni rahisi: staa wa Hollywood ana midomo mingi. Ukimwazima mmoja, anabaki na mingine yote. Pale hakupungukiwa kitu.

Lakini mwanamke je? Msimuliaji anabana pua, sauti inakuwa nyembamba, watu wanacheka. Mzaha wenyewe sina neno nao, hata mimi nilicheka. Ninachokitazama ni kwamba kibanda kilipozimwa, mwanamke hakuwa na maiki nyingine ya kwenda kujisemea. Mimi sijawahi kumsikia mwanamke akisimulia filamu kibandani. Kwake yeye, ile sauti ya kubana pua ndiyo iliyokuwa sauti pekee.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: baada ya onyesho, yule aliyechezwa amebaki na mdomo wake, au ndiyo basi?

Milima ya Uluguru imenifundisha kutodanganyika na majina. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo kwa desturi ilipita njia hiyohiyo. Mgeni akisikia hivyo anasema, "Kumbe huku wanawake ndio wanatawala!" Taratibu, ndugu yangu. Kwa desturi, shauri la ukoo likifika barazani anayesimama kusema ni mjomba. Ukoo ni wa mama, kauli ni ya kaka yake. Unaweza basi kuwa nguzo ya hadithi nzima na bado usiwe msemaji wake, kama vile Kiswahili kilivyotoa majina ya The Lion King bila kushika usukani wa filamu.

Ndiyo maana namrudia Penina Muhando, mzaliwa wa Berega katika mkoa huuhuu. Katika tamthilia yake Nguzo Mama, ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala chini, na inawashinda. Mwandishi hakuwapamba: wanagombana, kila mmoja anavutia kwake. Ila anayetusimulia ni Bi Msimulizi. Kushindwa kwao kunasemwa na mwenzao, na mimi naona heshima ipo hapo, zaidi ya kumchora mwanamke shujaa asiye na doa kisha ukamnyima sauti.

Kuna watakaosema: basi kila mtu acheze wa aina yake tu. Hapana. Tukienda hivyo, wasichana wa shule ya bweni hawataweza kumcheza Kinjeketile, na sanaa itakuwa foleni ya kukagua vitambulisho.

Kama una kikundi cha maigizo, kiwe Kihonda au Mgeta, mvishe mvulana khanga na umpe msichana nafasi ya Kinjeketile. Halafu tazama pembeni ya jukwaa: nani anachagua mchezo, nani anaandika maneno, nani anashika daftari la pesa? Kama wote ni wajomba, kazi bado.