Kinyozi Hajinyoi

Aprili 2020, Mombasa ilipofungwa kwa sababu ya korona, hapa mtaani Likoni wengi tulijinyoa nyumbani. Kaunti ikafunguliwa, wenzangu wakarudi kwa kinyozi. Mimi nikabaki na mashine yangu na kioo cha bafuni. Nikiulizwa, nasema nasevu mia.

Sio mia. Kinyozi wangu ananijua tangu shule ya msingi, na kila nikikaa kitini huuliza, "Chuo vipi, msomi?" Chuo nilishaacha. Kumdanganya sikutaka, kumwambia nikashindwa. Nikamkwepa.

Je, kumkwepa mtu ili usimdanganye ndiyo kusema kweli? Nilijiambia ndiyo. Lakini wahenga walisema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Mbele najiona vizuri. Kisogoni napapasa tu. Mabaka yako huko, na kila mtu anayaona isipokuwa mimi.

Ijumaa nilirudi. Akatazama kisogo, akacheka.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Ni mimi, ami. Na chuo niliacha."

Mashine ikanyamaza. Kisha ikanguruma tena.

"Haya," akasema, "inama."